Steringi Hafi: Jinsi ya Kuvunja Mazoea ya Filamu ya Taharuki

Nikiwa darasa la tano, kiingilio cha kibandaumiza cha Makorora, hapa Tanga, kilikuwa shilingi 50. Mabenchi ya mbao za mnazi, dirisha moja lililozibwa kwa gunia, watu arobaini mtu kampakata mtu, na mbele yetu televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao kama mfungwa. Humo ndimo nilimoijua sheria kuu ya sinema kabla sijasikia kwamba kuna mtu anaitwa mwongozaji. Steringi hafi. Shujaa huyo wa filamu akipigwa risasi, imempata begani. Akitumbukia mtoni, atazukia mbele. Mtoto mgeni akianza kulia kwa sababu steringi kazidiwa, mkubwa mmoja alimzaba kikofi cha kisogo: "We nyamaza, steringi hafi bwana."

Sasa nimepita miaka arobaini na kazi inayonilisha ni video za harusi: singo, kitchen pati, ukumbini, bibi harusi kutolewa ndani. Kazi ya roho ni filamu fupi za taharuki. Nimetengeneza nne, mbili kati yake sizionyeshi kwa mtu. Vijana wa hapa Tanga hunijia na swali lile lile: nifanyeje watu wasiibashiri filamu yangu? Naandika hapa ninavyofanya mwenyewe, pamoja na niliyoyaokota kwa waongozaji wakubwa kwa kuwarudiarudia kwenye laptopu usiku, nikisubiri video za watu zimalize kujitoa.

Usianze na kamera. Anza na daftari.

Filamu yangu ya kwanza niliipigia Mapango ya Amboni. Nilikuwa na kila kitu: giza, popo, tochi inayokufa betri, muziki wa kuvuta roho, jamaa mwenye miwani myeusi wa kuwapoteza watu maboya. Dakika 22. Siku ya kuionyesha mvua ilikuwa inanyesha, na bibi mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga akaingia kujikinga na karai lake. Dakika ya 3 akasema kwa sauti, bila hata kugeuka: "Muuaji ni huyo rafiki yake mpole." Na ndiye aliyekuwa. Dakika 19 zilizobaki nilizikaa kama mtu aliyefumaniwa.

Kesho yake nikamwendea, nikanunua mihogo, nikamwuliza, "Bibi, ulijuaje?" Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Mwanangu, mpole kupita kiasi. Halafu kila mara unatuonyesha uso wake na hana kazi yoyote. Mtu asiye na kazi kwenye mkanda ndiye mwenye kazi."

Nikaelewa kwamba kanuni za taharuki zinakaa mdomoni mwa mtazamaji, na sisi watu wa Tanga hatutazami tukiwa kimya. Basi itumie bahati hiyo. Chukua filamu tatu nne za taharuki ambazo wenzako hawajaziona, kaa nyuma yao, na kila wakibashiri uandike: dakika ya ngapi, kasema nani, kasema nini. Usibishane nao wala usitabasamu. Nilifanya hivyo kwa muda wa mwezi wa Ramadhani mmoja, baada ya tarawehe, na daftari likajaa. Steringi hafi. Muziki ukipanda, kuna mtu nyuma ya mlango. Kwanza ataruka paka, ndipo aje adui. Simu itaisha chaji. Mabaya yote ni usiku. Polisi watakuja kila kitu kikiwa kimekwisha. Mpole ndiye. Na mwisho lazima tutaambiwa.

Hayo ndiyo mazoea. Kijana akishayaona kwenye orodha hutaka kuyavunja yote kwa mpigo, na hapo ndipo filamu inapogeuka fujo. Kila zoea lina kazi linayoifanya. Steringi asiyekufa anampa mtazamaji mahali pa kukaa. Muziki unamwambia lini aogope na lini apumue. Mwisho unamlipa deni lake. Fundi anayebadilisha nguzo ya nyumba ya udongo hang'oi tu. Anaweka mwega kwanza, paa likae juu ya mwega, ndipo nguzo itoke. Kwenye daftari lako, mbele ya kila zoea unalotaka kulivunja, andika kazi yake, kisha andika mwega wako ni nini. Kama huna, acha nguzo ya watu.

Tazama jinsi mwongozaji Alfred Hitchcock alivyomwua steringi mwaka 1960 kwenye "Psycho". Marion Crane, karani wa ofisi, anaiba dola 40,000 za mteja na kukimbia na gari. Anayemwigiza ni Janet Leigh, nyota mkubwa wakati huo, kwa hiyo watu wamekaa kwenye viti vyao na uhakika wote wa kibandaumiza. Tunakimbia naye, tunamwogopa naye askari wa barabarani mwenye miwani, tunahesabu naye pesa. Anafika kwenye nyumba ya wageni iliyo njia kuu ya zamani, anazungumza na kijana anayeiendesha, Norman, na moyo wake unamrudi: ataondoka asubuhi akazirudishe zile hela. Anaingia kuoga. Hata saa moja ya filamu haijatimia, anauawa humo bafuni kwa kisu.

Watu huongelea bafu. Mimi nakwambia uangalie kinachofuata, maana ndipo ulipo mwega. Norman anaingia, anaona, anaanza kusafisha. Kwa dakika nyingi hakuna anayezungumza. Anapiga deki, anasuuza, anamfunga maiti kwenye pazia la plastiki, anampakia kwenye buti la gari. Zile dola 40,000 zimefichwa ndani ya gazeti. Norman analiona gazeti, hajui lina nini, analitupa humo humo. Kisha analisukuma gari kwenye dimbwi la matope. Linazama taratibu, linazama, halafu linasimama. Paa limebaki juu. Norman anatazama kushoto na kulia, na wewe uliyekuwa unamlilia Marion dakika chache zilizopita unajikuta unasema moyoni: zama, zama basi! Linazama. Unashusha pumzi. Umeshahamia kwa mtu mwingine bila kuulizwa.

Nimeijaribu sehemu hiyo hapa kwetu mara tatu na mara zote tatu kuna mtu aliyesema "aah" gari liliposimama. Hitchcock aliling'oa zoea kubwa kuliko yote, na papo hapo akampa mtazamaji mtu wa kumshika mkono, tena mtu asiyestahili kushikwa. Na alijua thamani ya alichokifanya: sinema ziliagizwa zisimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, maana aliyechelewa angekaa anamsubiri Janet Leigh hadi taa ziwashwe.

Lakini huyo huyo bingwa alishawahi kuvunja vibaya. Mwaka 1936, kwenye "Sabotage", mvulana mdogo anapewa kifurushi akipeleke mjini London. Hajui kwamba ndani mna bomu. Sisi tunajua, na saa yake tunaijua. Mtoto anacheleweshwa na mchuuzi, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi, anacheza na mbwa mdogo wa abiria. Bomu linalipuka, na mtoto, na mbwa, na basi zima. Baadaye Hitchcock mwenyewe alikiri kwa mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, kwamba pale alikosea. Tofauti na Marion ni nini, wakati wote wawili wamekufa? Kifo cha Marion hatukukisubiri. Cha mtoto tulikisubiri kwa hofu dakika baada ya dakika, tukimwombea, na kusubiri kule ndiko kulikokuwa deni. Aliweka rehani mioyo yetu kisha akakataa kukomboa. Kwa hiyo kabla hujamwua mtu wako jiulize: nimewafanya watu wamwombee? Kama ndiyo, tafuta njia nyingine.

Tuje kwenye siri. Zoea linasema siri ifichwe hadi mwisho. Sisi tuliokulia kwenye kanda za kigeni zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri akina Lufufu tulipaswa kuwa wa kwanza kulitilia shaka, maana msimuliaji hakuwa na haya hata kidogo. Picha bado haijafika, yeye keshakwambia: "Huyu jamaa anaingia humo ndani, hajui kwamba mwenzake kamsaliti." Na sisi ndio kwanza tunajisogeza mbele ya benchi! Utamu haukupungua. Uliongezeka, kwa sababu sasa tunajua sisi na yeye hajui. Hitchcock alilieleza jambo hilo kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila taarifa, watu wanashtuka kwa sekunde 15, wakijua lipo huku walio mezani wanapiga soga, wanahangaika dakika 15 nzima. Kwenye "Vertigo" ya mwaka 1958 alifika mbali zaidi. Theluthi moja ya filamu ikiwa bado mbele, mwanamke anakaa, anakumbuka yote, anaandika barua ya kukiri, kisha anaichana. Sisi tumeshajua. Swali la "nani" limekwisha, limekuja la "huyu mwanaume atafanyaje siku akijua", na hili lina uzito kuliko lile.

Shule yangu ya siri ni taarabu. Ukirekodi harusi za hapa kwa miaka, unaijua ile dakika: mwimbaji anafika kwenye ubeti wa fumbo, mwanamke mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza taratibu huku jicho halimtoki mwenzake aliye meza ya tatu. Ukumbi mzima umeelewa. Anayelengwa peke yake bado anacheka na kupiga makofi. Wapiga video wachanga wote huelekeza kamera kwa anayetunza, maana ndiye anayetembea na ndiye aliyependeza. Mimi naielekeza kwa yule anayecheka. Ukitoa siri mapema, lenzi yako ikae kwa asiyejua, na ikae muda mrefu kuliko unavyodhani unafaa.

Giza nalo. Hili ni rahisi kulivunja na linapunguza gharama za taa, ila wengi wanaogopa. Mwaka 1959, kwenye "North by Northwest", Hitchcock alimshusha steringi kwenye basi katikati ya mashamba makavu, mchana kweupe, jua linawaka, hakuna mti wala ukuta wa kujificha nyuma yake. Muziki hakuna. Magari yanapita. Anakuja mtu mmoja, anasimama ng'ambo ya barabara kusubiri basi, nasi tunadhani ndiye. Kumbe wala. Yule mtu anaitazama ndege ndogo ya kunyunyizia dawa kule mbali na kusema kwamba ni ajabu, inanyunyizia mahali pasipo na mazao. Basi linakuja, anapanda, anaondoka zake. Ndipo ndege inapogeuza pua. Pale mwega ni upana wa uwanja: giza huficha adui, uwanja mtupu unamfichua mwindwa. Mtu aliyewahi kutembea peke yake saa sita mchana kwenye shamba la mkonge, mistari imenyooka hadi macho yanauma, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo filamu yangu ya tatu niliipigia Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, saa saba mchana. Baada ya sala ya adhuhuri mitaa ile inakufa. Milango imefungwa nusu, mbuzi kalala kivulini, baiskeli zimeegemea kuta, na mbali redio ya mtu inasoma matangazo ya vifo. Ukitaka kupiga picha saa hizo ujue jua linachimba mashimo machoni pa mwigizaji; mwenye sura nzuri anaonekana kama fuvu. Dawa yake ni shuka jeupe la kitandani. Mpwa wangu alilishika chini usawa wa magoti, likarudisha mwanga usoni, na waigizaji niliwaweka pale kivuli cha baraza kinapokutana na jua, hatua moja ndani. Ongea na mwenyekiti wa mtaa mapema, na kibali cha Bodi ya Filamu usikifanye jambo la dakika ya mwisho.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Ndugu wawili, nyumba moja ya urithi. Mdogo anataka kuuza, mkubwa hataki. Kila siku mchana muuza kahawa anapita na birika lake juu ya mkaa, vikombe sita, kindoo cha maji ya kusuuzia na kashata kwenye kopo. Kaka mkubwa ana kikombe chake, chenye ufa mdomoni, hakubali kingine. Dakika ya 2 mdogo anajifanya kumsaidia mzee kubeba, anakipaka kile kikombe kitu fulani kwa ncha ya kidole. Tumeona. Siri imetoka, bomu liko chini ya meza. Basi taharuki yangu ikawa ni kukifuata kikombe chenye ufa: kinakwenda kwa nani, kinarudi, kinakwenda kwa nani tena.

Kabla sijafika mbali niseme habari ya sauti, kwa sababu hapo ndipo nilipopatia tangu mwanzo. Wako akina Coen, ndugu wawili wa Marekani, waliotoa "No Country for Old Men" mwaka 2007, filamu ya mauaji ambayo karibu haina muziki kabisa. Kuna mahali muuaji yuko dukani kwenye kituo cha mafuta, anamlazimisha mzee muuzaji abashiri sarafu iliyorushwa, na mzee haelewi kwamba anachezea uhai wake. Muuaji ameifinyanga karatasi ya vitafunwa na kuiweka juu ya kaunta. Karatasi inajikunjua yenyewe, inatoa vile visauti, krr, krr. Basi. Hakuna fidla. Ukinyimwa muziki, sikio lako linakwenda kutafuta chochote kilichopo, na likikipata linakikuza mno. (Filamu hiyo pia inamwua steringi wake, tena nje ya macho yetu, tunakuta kaanguka. Mwega ni sherifu mzee, ambaye sauti yake ndiyo iliyotufungulia filamu. Alikuwa ameshikilia paa tangu dakika ya kwanza na hatukumwona.)

Mimi nilikuwa na vikombe. Muuza kahawa wa hapa haiti kwa mdomo: anashika viwili kwenye kiganja kimoja, anavigonganisha, kling-kling, kling-kling, na wazee wa baraza wanaanza kusogeza makobazi. Nilivirekodi peke yake, usiku, chumbani, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, simu imeviringishwa kitambaa isidake upepo wa feni. Kwenye filamu nikaweka mlio kabla ya kila kuingia kwa mzee. Mara ya kwanza watu wanakuja. Mara ya pili wanakuja. Mara ya tatu wanakuja na vichekesho. Mara ya nne mlio unaanza barabarani, kling-kling, kling, halafu unakatika katikati. Sekunde 11 za mtaa mtupu. Usipunguze idadi ya mara za mwanzo, kijana wangu. Zoea ambalo hukulijenga mwenyewe ndani ya filamu huwezi kulivunja ndani ya filamu.

Sasa nilipokosea. Nilikata na kuunga filamu nzima, dakika 14, nikaipeleka kwenye banda kabla haijatiwa rangi. Dakika ya 6 kijana mmoja fundi baiskeli akauliza: "Kwani huyu mzee si anasuuza vikombe kwenye ndoo? Sumu imebaki vipi?" Banda zima likacheka. Likacheka hadi mwisho, maana kila mzee aliposuuza mtu alisema, "Hiyoo, imetoka."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafungua daftari kuandika kazi ya lile zoea, kitu kimoja chenye alama ambacho macho ya wote yanakifuata. Kikombe chenye ufa, kisu chenye mpini mwekundu, barua yenye muhuri. Kazi yake ni kutuambia hatari iko wapi na, kwa hiyo, wapi haipo. Vikombe vitano vingine vilikuwa salama kwa sababu havikuwa na ufa. Na fundi baiskeli alikuwa ameniambia kwa kicheko chake sumu ilikokwenda. Ilikwenda kwenye ndoo.

Nikarudi mtaani na kamera nusu siku tu. Nilihitaji picha mbili. Ya kwanza, dakika ya 5: mzee anasuuza vikombe vyote, kikombe cha ufa kikiwa cha kwanza kuingia majini. Nimeipiga kwa mbali, wazi, mtu akitaka aone, lakini mbele yake ndugu wawili wanabishana kuhusu hati ya nyumba na macho yote yako kwao. Ya pili, dakika ya 9: ndoo kwa karibu, kikombe chenye ufa kinaelea, na mkono wa mzee unatumbukiza kingine, unakitoa kinadondosha maji, unakijaza. Kaka mkubwa siku hiyo kafunga, anasema hapana. Mdogo, aliyekuwa ameusubiri mkono wa kaka yake tu, anaona kikombe cha ufa hakina mtu, moyo unatua, anajipokelea kahawa kwenye kikombe kizima. Na wazee wawili wa baraza vilevile. Kwa dakika tano zilizobaki banda linajua, na hakuna mtu ndani ya filamu anayejua.

Angalia kwamba sikumdanganya mtu. Ndoo ilikuwapo tangu picha ya kwanza. Hii ni amana: mtazamaji akirudia filamu yako akute ulimwonyesha, yeye ndiye aliyetazama kwingine. Ukimleta pacha asiyejulikana dakika ya mwisho, au mtu akaamka kumbe alikuwa anaota, huko ni kumwibia kiingilio.

Mwisho niliuacha wazi, na hapa nakuonya. Kutomaliza ndilo zoea linalovunjwa kwa uvivu kuliko yote. Mtu kachoka, hela zimekwisha, anakata skrini nyeusi na kujiita msanii. Bong Joon-ho wa Korea Kusini alitengeneza "Memories of Murder" mwaka 2003 juu ya mauaji ya kweli ya Hwaseong, yaliyoanza mwaka 1986, wakati muuaji hajapatikana. Asingeweza kumkamata kwenye filamu bila kusema uongo. Basi mwishoni, miaka imepita, mpelelezi amekwishaacha kazi, anarudi kwenye mtaro ulimokutwa maiti wa kwanza. Msichana mdogo anamwambia kuna mtu mwingine alikuja kuchungulia hapo hapo. Alikuwaje? Wa kawaida tu. Mpelelezi anageuka na kututazama usoni, sisi tuliokaa kwenye viti, kama anayetafuta mtu kati yetu. Hatukupewa jina, tukapewa yale macho. (Mtu halisi alikuja kutambuliwa mwaka 2019, miaka 16 baada ya filamu.)

Mimi macho ya namna hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na kuku. Jioni, mzee anamwaga maji ya ndoo pembeni ya mtaro, kuku wa jirani anakuja, anainamisha kichwa, anadonoa, anainua shingo juu kama kuku wanavyokunywa. Skrini nyeusi. Halafu kwenye giza, mbali, kling-kling, kling-kling. Nani kanywa kiasi gani sikusema. (Maji aliyokunywa kuku yalikuwa safi ya bomba, na alilipwa mtama.)

Usiionyeshe kwa rafiki zako kwanza, rafiki wanasifu. Rudi na daftari lile lile kwa watu wale wale. Ubashiri ukiwa sahihi kabla ya nusu ya filamu, kuna nguzo umeiacha inaonekana. Usipopata ubashiri wowote, hilo ni baya zaidi, maana yake hawajali. Mara ya pili nilikuwa na watu 31 bandani. Karibu wote walibashiri kikombe, hadi dakika ya 9. Fundi baiskeli alipoiona ndoo alisema "Toba!" na hakucheka tena. Yule bibi wa mihogo nilikuwa nimemwalika rasmi, kakaa benchi la mbele. Hakusema neno filamu nzima. Taa zilipowashwa akaniuliza, "Na yule kuku alikuwa wa nani?"

Aliyepata hasara ni mzee wa kahawa, mwenye birika na vikombe tulivyoazima, ambaye pia alijiigiza mwenyewe. Wiki mbili baada ya maonyesho alinijia studio, hakukaa. Wateja wake wa barazani, watu aliowauzia kahawa miaka ishirini, wameanza kumwuliza maji ya ndoo kayabadilisha saa ngapi. Wengine wanakuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Nikamlipia ndoo mpya yenye koki, akaichukua, akaitazama chini juu, akaniambia hiyo ya koki inamwaibisha zaidi, itaonekana kweli kulikuwa na jambo.